Mwenyeji wa Kikao cha Jumatatu

Nchi yetu ina jina zuri na wimbo wa taifa wenye beti tisa, lakini nimeshauriwa nisiitaje, kwa hiyo nitaiita nchi yetu. Mwenye nayo ataijua.

Mimi naitwa Alfani Nyambo. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu katika Wizara ya Maghala na Akiba ya Taifa. Kazi yangu ilikuwa kuhudhuria vikao na kuandika yaliyosemwa. Yaliyotendwa hayakuwa na mwandishi, kwa kuwa hayakuwa mengi.

Waziri wetu alikuwa Mheshimiwa Dokta Pankrasi Ndimbo. Udokta wake ulitoka chuo kikuu kilichofungwa wiki mbili baada ya kumtunuku, na watu wenye husuda wakasema mambo hayo mawili yana uhusiano. Chini yake kulikuwa na maghala sitini na tatu, moja kwa kila wilaya, yote yamejaa mahindi ya kuwalisha wananchi siku ya njaa. Sheria ilisema ghala halifunguliwi mpaka Kikao cha Jumatatu kiazimie hivyo. Kwa miaka kumi na moja hakuna ghala hata moja lililofunguliwa isipokuwa kwa kuhesabu magunia, na kila mwaka wizara ilitangaza jambo hilo bungeni kama ushahidi kwamba nchi haina njaa. Wabunge walipiga meza.

Zamani maafisa wa maghala walisafiri hadi Makao Makuu kuhudhuria. Halafu mafuta yakapungua, na ikaonekana kwamba kama maafisa wataendelea kusafiri, msafara wa Mheshimiwa utabaki na magari kumi na moja tu. Ndipo kikao kikahamia mtandaoni. Kila Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, kwa kiungo kilekile, milele. Kiungo hicho kilichongwa kwenye jiwe la marumaru mbele ya wizara, herufi kwa herufi, na Rais mwenyewe akaja kulifunua.

Aliyekiandaa kikao ni Bwana Shomvi, mkuu wa kitengo cha kompyuta, mtu wa maneno machache, jambo ambalo ni kosa kubwa kwa mtumishi wa umma. Siku ya kwanza alimweleza Mheshimiwa, mimi nikiwa nimeketi pembeni na daftari.

"Mheshimiwa, wewe ndiye mwenyeji. Usipoingia, kikao hakianzi. Wengine wote watabaki nje wanasubiri."

"Vizuri sana," alisema Mheshimiwa. Nilimwona alivyofurahi. Mashine ya kigeni ilikuwa imemwelewa kuliko mkewe.

"Ila kikao hiki ni cha kila wiki. Kuna siku utasafiri, au utaumwa. Tumchague mtu wa pili, mwenyeji mbadala, aweze kukianzisha."

"Mbadala wa nani?"

"Wako, Mheshimiwa."

Naibu Waziri, Mheshimiwa Adventina Kalokola, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, alianza kutazama miti ya nje kana kwamba hajawahi kuiona.

"Shomvi," alisema Mheshimiwa taratibu, "nani amekutuma?"

Hakuna aliyekuwa amemtuma. Ilichukua Idara ya Usalama wiki tatu kulithibitisha hilo, na wiki zote tatu Bwana Shomvi alikuwa mgeni wao. Aliporudi kazini maneno yake yalikuwa yamepungua zaidi.

*

Mwezi wa pili wa kiangazi Mheshimiwa aliumwa jino la nyuma, upande wa kushoto. Makao Makuu kuna hospitali yenye madaktari wa meno, na Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyeizindua. Kwa kuwa aliifahamu vizuri, alikwenda ng'ambo.

Kule alikokwenda, saa tatu yetu ya asubuhi huwakuta watu wamelala, na daktari alikuwa amesisitiza kwamba jino linahitaji usingizi. Basi Jumatatu ikafika. Maafisa sitini na watatu wakabonyeza kiungo, nami nikabonyeza changu, na sote tukaona maandishi yaleyale: *Tafadhali subiri. Mwenyeji ataanzisha kikao hivi punde.*

Tulisubiri mpaka saa sita. Waraka ulikuwa unasema wazi kwamba afisa haruhusiwi kuondoka kabla kikao hakijafungwa, na kikao ambacho hakijafunguliwa hakiwezi kufungwa. Mwishowe Katibu Mkuu akaamua kwamba adhuhuri iheshimiwe. Nikaandika kumbukumbu: *Wajumbe walihudhuria kwa asilimia mia moja. Hakuna mjumbe aliyetofautiana na mwenzake.* Katibu Mkuu alisema hizo ndizo kumbukumbu bora nilizowahi kuandika.

Mchana huohuo nilipigiwa simu na mwanamke.

"Ndugu Mwandishi, shikamoo. Mimi Zawena Chitemo, mtunza ghala wa Kavumbi."

Kwa umri alikuwa ananizidi, lakini wakati ule mtu wa wilayani alimwamkia hata mlinzi wa wizara. Nilimwitikia.

"Nilikuwa na jambo la kikao," alisema. "Huku mvua imekosa misimu miwili. Watu wanachemsha mizizi. Ghala langu lina magunia mia tisa. Naomba azimio la kulifungua."

"Kikao hakikufanyika, Bi Zawena."

"Najua. Nilikuwepo. Sasa nifanyeje?"

"Subiri Jumatatu."

Nikayaandika maombi yake chini ya kichwa cha Mengineyo, mahali ambapo wizara yetu huweka mambo ya watu.

Jumatatu ya pili ikawa vilevile. Bi Zawena akapiga simu kusema mwalimu mkuu amefunga shule kwa sababu watoto wanaanguka mstarini wakati wa kuimba wimbo wa taifa. Nilimshauri waimbe ubeti mmoja. Nilisema kwa nia njema.

Jumatatu ya tatu alisema, "Leo tumezika wawili. Mama mmoja na mwanawe wa mgongoni."

"Pole sana."

"Mpigie Waziri, Ndugu Mwandishi. Neno lake moja tu. Mlangoni hapa kuna koplo na bunduki, naye anataka karatasi yenye azimio. Si mtu mbaya. Mkewe pia anachemsha mizizi."

Nilipiga. Sikuwa nimewahi kumpigia Mheshimiwa, na mpaka leo sielewi nilipata wapi ujasiri huo. Alipokea kwa sauti ya mtu mwenye pamba mdomoni.

"Nyambo, mambo mazito kama njaa hayazungumzwi kwenye simu. Ndiyo maana tukaweka kikao."

"Lakini kikao, Mheshimiwa, kinakusubiri wewe."

"Basi kisubiri vizuri," alisema, akakata.

*

Hata hivyo yule mama na mwanawe walimgusa, au tuseme gazeti moja la ng'ambo liliwagusa, naye akalisoma kwenye chumba cha daktari. Jumatatu ya nne aliamka mapema. Kompyuta yake ilikuwa imezimika, kwa hiyo akaazima simu ya muuguzi aliyekuwa akimhudumia, akabonyeza kiungo. Akaona maandishi: *Tafadhali subiri. Mwenyeji ataanzisha kikao hivi punde.*

Alisubiri dakika saba. Nadhani hazikuwahi kupita dakika saba maishani mwake ambazo mtu mwingine alizipanga. Kisha akampigia Bwana Shomvi, nami nilikuwa nimekaa mbele ya meza ya Shomvi nikisikia yote, kwani Mheshimiwa hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Nani amenifungia nje?"

"Wewe, Mheshimiwa."

"Unasema nini?"

"Simu hiyo si yako. Mashine inakuona kama mgeni. Inamngoja mwenyeji aje akuruhusu kuingia."

"Mwenyeji ni mimi."

"Ndiyo. Ila hujafika."

Kwa mbali nikamsikia muuguzi akidai simu yake. Bwana Shomvi alikuwa ameshika kipokeo mbali kidogo na sikio, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akikaribia kucheka.

Mheshimiwa alirudi nchini wiki hiyohiyo. Kwenye uwanja wa ndege aliwaambia waandishi wa habari kwamba ameona kwa macho yake mateso ya wanaosubiri, na kwamba hataruhusu kiongozi mwingine yeyote apitie aliyopitia. Akaunda Tume ya Uenyeji Mwenza.

Msomaji atauliza kwa nini, akiwa sasa yuko nyumbani na kompyuta yake inawaka, hakuitisha tu kikao na kupitisha ombi la Kavumbi. Hata Bi Zawena aliuliza hivyo. Nilimjibu kwamba kikao kimesimamishwa kupisha tume inayochunguza kwa nini kikao hakifanyiki. Kisha akasema, "Sasa tumezika kumi na mmoja, Ndugu Mwandishi. Utaandika na majina?" Nikamwambia fomu ya Mengineyo haina nafasi ya majina.

Alinitajia yote kumi na moja.

*

Tume ilifanya kazi kwa kasi, ikamaliza kwa mwezi mmoja. Ilipendekeza kwamba Mheshimiwa abaki mwenyeji pekee, na asaidiwe na wenyeji wenza. Bwana Shomvi alipeleka barua ya mstari mmoja kueleza kwamba mwenyeji mwenza hawezi kuanzisha kikao, anaweza tu kuzima sauti za wenzake na kuwatoa nje, na kwamba tatizo lililokuwepo litabaki palepale. Tume ikampongeza kwa kuthibitisha kwamba wenyeji wenza hawatakuwa hatari kwa mwenyeji.

Ilipokuja idadi, tume ilipendekeza wawili. Lakini upande wa kaskazini ukasema ukipewa mmoja ni dharau, na kusini ukataka sawa na kaskazini. Jeshi likaomba, machifu wastaafu wakaomba, chama cha wake wa viongozi kikaomba. Wakafika arobaini. Waliapishwa uwanja wa mpira, kila mmoja na mshipi wa kijani begani na gari lenye bendera ndogo. Mheshimiwa alihutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna mataifa makubwa duniani, yenye mabomu, yenye roketi, ambayo mpaka leo yanaendesha vikao kwa mwenyeji mwenza mmoja. Nayahurumia."

Uwanja ukashangilia. Kwa heshima ya siku hiyo askari walikuwa wamefunga mageti.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu kamili, Mheshimiwa alibonyeza kitufe, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tisa kikao kikafunguka. Nilikuwa ofisini peke yangu na kompyuta yangu ya zamani. Ajenda zilikuwa nne: kufungua, kuwatambulisha wenyeji wenza, kuthibitisha kumbukumbu, na ombi la Kavumbi. Mheshimiwa alifungua kwa dakika hamsini na tano.

Ugomvi ulianza kwenye ajenda ya pili. Mwenyeji mwenza wa kaskazini alijitambulisha kwanza. Mwenyeji mwenza wa kusini akamzima sauti. Wa kaskazini akajiwasha, akamzima wa kusini. Jenerali mmoja aliyestaafu, kwa lengo la kuleta amani, akawazima wote wawili, na machifu wakaona jeshi linaingilia mambo ya kiraia. Basi sauti zikawa zinawaka na kuzimika. Tukawa tunasikia nusu ya maneno. "Ninyi mna…", "…babu yangu hakuwa…", "…mshipi wangu ni…" Sijui nani alikuwa wa kwanza kugundua kile kitufe cha kumtoa mtu nje. Ninachojua ni kwamba kufikia saa nne na nusu kila mtu alikuwa amekigundua.

Walianza kwa kuwatoa maafisa wa wilaya, kwa kuwa hawakutaka wadogo waone aibu ya wakubwa. Halafu wakatoana wao kwa wao. Nyuso zilikuwa zinatoweka kwenye skrini moja baada ya nyingine, mishipi ya kijani na yote. Naibu Waziri Kalokola, naye mwenyeji mwenza, ambaye kwa miezi yote hiyo alikuwa amevumilia bila neno, alitoa watu kumi na wanne kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele. Mwisho akabaki yeye na Jenerali, na naapa walibonyeza kwa wakati mmoja.

Mheshimiwa akabaki peke yake katikati ya skrini. Alitazama kushoto na kulia.

"Mnanidharau," alisema. "Basi nasusia."

Alikuwa mzoefu wa kususia, alianza tangu enzi za ubunge. Akabonyeza kuondoka. Mashine ikamwuliza swali moja la adabu, kwamba kabla hajaondoka, anamwachia nani uenyeji. Nadhani ni mara ya kwanza mtu au kitu kumwuliza Mheshimiwa swali hilo. Kwenye orodha yalikuwa yamebaki majina mawili. La kwanza lilikuwa langu, nami nilikuwa nimeandikishwa kama "Kumbukumbu". La pili lilikuwa "Ghala Kavumbi". Bi Zawena alikuwa amezima kamera ili bando lisiishe, na wenyeji wenza walimwacha kwa sababu walidhani ni jengo.

Mheshimiwa hakuwahi kupenda kumbukumbu. Alichagua ghala. Baadaye, alipohojiwa, alieleza kwamba jengo haliwezi kupindua serikali.

*

Skrini ikawa tupu. Nikasikia kuku mahali fulani, kisha sauti ya mwanamke.

"Ndugu Mwandishi, upo?"

"Nipo, Bi Zawena."

"Huku imeandikwa kwamba mimi ndiye mwenyeji."

"Na mimi naiona."

"Wengine wako wapi?"

"Wametoka."

"Watarudi?"

Nilimpigia Bwana Shomvi simu ya mezani, nikauliza. Alisema aliyetolewa, au aliyeachia uenyeji akaondoka, hawezi kurudi mpaka mwenyeji amruhusu. Aliongeza, bila kuulizwa, "Na wewe uwe makini na unachoandika, Nyambo. Andika vizuri." Nikarudi kwa Bi Zawena nikamwambia hawawezi.

"Akidi inasemaje?" aliuliza.

Nilifungua kanuni. Mheshimiwa alikuwa amezitunga mwenyewe, na ili aweze kukutana na nafsi yake wakati wowote, alikuwa ameweka kwamba kikao ni halali akiwepo mwenyeji na mtu wa kuandika. Nikamsomea.

"Tuko ajenda ya ngapi?"

"Ya pili. Lakini tunaweza kwenda ya nne, mwenyeji akielekeza."

"Mwenyeji anaelekeza," alisema. "Ajenda ya nne. Ombi la wilaya ya Kavumbi kufungua ghala na kugawa magunia mia tisa kwa wananchi wenye njaa. Kuna mjumbe anayepinga?"

Mimi si mjumbe. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nimeandika maneno kama *imepokelewa*, *itafanyiwa kazi*, *iletwe tena*, na niliyajua yanavyokaa kwenye karatasi. Nilihesabu mpaka kumi.

"Hakuna aliyepinga," nilisema.

"Basi andika."

Nikaandika: *Kikao kimeazimia kwa kauli moja.* Nikapiga chapa, nikagonga muhuri wa wizara, nikapiga picha, nikamtumia. Haikuchukua dakika sita. Nilikumbuka zile wiki tisa, nikaona vibaya, kisha nikaenda kunywa chai kwa kuwa ilikuwa saa ya chai.

Koplo wa Kavumbi, kama nilivyoambiwa, alisoma azimio mara mbili. Akakagua muhuri kwa kuuelekeza juani. Akapiga saluti, akafungua kufuli, akaweka bunduki chini, akawa mtu wa kwanza kubeba gunia. Bi Zawena aligawa siku tatu mfululizo, kaya kwa kaya, kwa daftari.

*

Makao Makuu hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Serikali ilikuwa na msiba mwingine. Mwenyeji na wenyeji wenza arobaini wote walikuwa nje ya kikao chao wenyewe, na Jumatatu ilikuwa inakuja.

"Naweza kutengeneza kikao kingine," alisema Bwana Shomvi. "Dakika mbili."

"Na jiwe la marumaru?" aliuliza Mheshimiwa. "Nimwambie Rais afunue jiwe jingine?"

Basi wakaamua kwenda Kavumbi. Msafara ulikuwa wa magari arobaini na moja, pamoja na pikipiki za kufungua njia, ingawa njia yenyewe haikuwa na mtu. Mimi nilipanda gari la mizigo, nikikaa juu ya viti vya plastiki vya viongozi.

Tulifika saa nne asubuhi. Kila nyumba ilikuwa inatoa moshi, na hewa ilikuwa na harufu ya ugali. Mheshimiwa aliziba pua kwa leso kwa ajili ya vumbi. Alipita mbele ya watu waliokuwa wanatwanga bila kuwaona, akasimama mlangoni mwa ofisi ya ghala. Ndani, nyuma ya meza yenye mguu mmoja wa matofali, alikaa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, kitenge kimefungwa kiunoni, simu yake imechomekwa kwenye betri ya gari. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Mama," alisema Mheshimiwa, "una kitu changu."

"Ninacho."

"Nirudishie."

Bi Zawena alimtazama, akawatazama wale waliokuwa nyuma yake na mishipi yao.

"Nitakurudishia. Ila nikuulize. Siku ukisafiri tena, nani atakianzisha?"

"Sitasafiri."

"Ukiumwa?"

"Mama, mimi siumwi. Lile lilikuwa jino."

Bi Zawena akavuta simu karibu, akawaambia waingie kwenye kiungo ili awaruhusu mmoja mmoja. Wakatoa simu zao. Mtandao wa Kavumbi unapatikana vizuri upande mmoja tu wa uwanja, kando ya choo cha ghala, kwa hiyo serikali yetu ikapanga mstari hapo, juani, hatua kumi kutoka kwake, kila mmoja akitazama kwenye kiganja chake maandishi ya kusubiri. Akamkubali wa kwanza, akamkubali wa pili. Jenerali alilalamika kwamba amerukwa. Wanawake waliokuwa wanatwanga walisimamisha michi, wakatazama kidogo, wakaendelea.

Wote walipokwisha kuingia, alimrudishia Mheshimiwa uenyeji. Mheshimiwa akafungua kikao palepale, kila mtu akizungumza kwenye simu yake na kujisikia tena kwenye ya jirani. Nikaamriwa kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, na hapo ndipo walipojua kilichoazimiwa. Azimio la kwanza lilimfukuza kazi Bi Zawena Chitemo kwa kosa la kutumia uenyeji kushughulikia jambo lililokuwa kwenye ajenda. Kura arobaini na moja, hakuna iliyoharibika. La pili lilinihusu mimi. Nilipatikana na hatia ya kuandika yaliyotokea, nikavuliwa uandishi na kuhamishiwa Kavumbi kuwa mtunza ghala. La tatu liliagiza ghala lifungwe. Mheshimiwa mwenyewe alibonyeza kufuli mbele ya kamera. Hakuna aliyetazama ndani, kwa sababu kutazama ndani kungehitaji azimio jingine, na jua lilikuwa limekuwa kali.

Msafara ukaondoka. Niliachiwa kiti kimoja cha plastiki.

*

Bi Zawena hakuondoka siku ile. Alisema makabidhiano ni makabidhiano, na kwamba haondoki mahali bila karatasi. Tukakaa pande mbili za meza. Alikuwa amenikaangia mahindi kidogo kwenye bakuli, nami nilikuwa sijala tangu Makao Makuu.

"Kwa nini ulimrudishia?" nilimwuliza. "Ungemwacha nje. Asingeweza kitu."

"Nikae nacho cha nini? Nilikuwa nimeshamaliza kazi nacho."

Nikafungua fomu ya makabidhiano. Ni fomu ya zamani ya wizara, ya kurasa mbili, na mimi nilikuwa sijawahi kuijaza kwa mkono wangu.

"Idadi ya magunia yaliyokuwepo?"

"Mia tisa."

"Yaliyopo?"

"Hakuna."

Chini yake fomu iliuliza sababu ya upungufu, ikatoa visanduku vitatu vya kuweka alama. Nikavisoma mara mbili, nikageuza karatasi kuona kama viko vingine nyuma.

"Vinasemaje?" aliuliza.

"Yameoza. Yameibiwa. Yameliwa na panya."

"Hakuna kisanduku cha kuliwa na watu?"

"Hakuna."

Alichukua karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaisoma mwenyewe. Hakucheka. Nje mtu alikuwa anamwita mtoto aje kula, na mtoto anajibu kwamba ameshiba.

"Hayakuoza," alisema. "Wala sikuiba. Weka hapo kwenye panya."

Nikaweka alama. Mstari uliofuata ulikuwa mtupu, na kalamu ikasimama hewani.

"Wanataka makadirio," nilisema. "Panya wangapi."

"Elfu sita, mia nne na kumi na tisa."

"Hilo si kadirio, Bi Zawena. Uliwahesabu?"

Alinirudishia karatasi, akafunga vizuri kitenge chake, akanisogezea mahindi yaliyobaki bakulini.

"Andika," alisema. "Nawajua kwa majina."